Rangi ya Shahamu

Tangu nihamie kwa shangazi yangu, Edmonton, kaskazini mwa London, nilikuwa nikimwomba jambo moja: siku moja tutoke tukauone mji. Si mji wa kwenda kazini na kununua unga. Mji wenyewe, wa majumba ya picha za kuchorwa na mto na bustani za wafalme. Jibu lake halikubadilika. "Wiki ijayo, inshallah." Wiki ikija, yuko kazini. Shangazi anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani wasitoke vidonda. Siku zake za mapumziko alikaa jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi, akisikiliza mawaidha. Miaka yote aliyoishi London, mto aliuona kupitia dirisha la basi.

Kwa hiyo nilitembea peke yangu. Nilikuwa nimeandika riwaya moja na nahangaika na ya pili, na niliamini kwamba mji mkongwe, ukiutembea vya kutosha, mwishowe utakupa kitu. Nilizunguka Stratford, kwenye maduka yanayong'aa kama meno ya bandia. Nilizunguka vichochoro vya katikati ya mji ambako kuta zimekuwa nyeusi kwa moshi wa watu waliokufa zamani. Nilirudi na viatu vilivyolika na kurasa ambazo sikuzipenda. Majumba ya picha niliyaacha kwa makusudi. Nilitaka kuyaingia na shangazi, kwa sababu kazi niliyotumwa humo ilikuwa ya familia.

Aliyenituma ni baba.

Baba yangu alikuwa mchoraji wa mabango, Mombasa, kwetu Kisauni. Alichora viatu kwenye ukuta wa fundi viatu, vikombe vya chai kwenye ukuta wa hoteli, vichwa vilivyonyolewa vizuri kwenye mlango wa kinyozi. Zaidi ya yote alichora nyama. Hakuna bucha ya mitaa yetu ambayo haikuwa na paja la ng'ombe la mkono wake. Wekundu aliuweza, ungeiona nyama yake ukasikia njaa. Kilichomshinda ni shahamu.

"Nikipaka nyeupe, inakuwa chokaa," aliniambia kwenye simu. "Nikipaka manjano, inakuwa samli. Nyama yangu yakaa kama imefungwa bandeji."

"Wateja wanalalamika?"

"Wateja wataka nini? Wao wataka nyama. Mimi ndiye ninayelalamika."

Alikuwa amesikia kwamba wazungu wa zamani walichora nyama, bucha nzima nzima, na kwamba picha hizo bado zipo, zimetundikwa mtu yeyote aende azione. Kuzitazama kwenye simu hakutaka. Alisema kioo cha simu kinaongopa rangi. "Uende wewe mwenyewe. Usimame mbele yake. Kisha unieleze walipakaje shahamu." Figo zake zilipoanza kumsumbua na mikono yake kuvimba, aliendelea kuuliza. Bango la bucha moja lilikuwa limeegemea kibarazani kwetu wiki kadhaa, wekundu umekamilika, sehemu za shahamu ameziacha ubao mtupu. Alikuwa akinisubiri.

Jumamosi moja ya Julai, shangazi akanigongea mlango asubuhi. Alikuwa amevaa buibui lake jipya na raba zake za kazini.

"Amka, mwanangu. Leo nakutembeza."

"Na kazi?"

"Kazi haikimbii. Ulisema wataka picha, si ndiyo? Haya, twende kwenye hizo picha zako."

Niliruka kitandani kama mtoto wa sikukuu.

Baba alikuwa amefariki kabla ya alfajiri. Shangazi, dada yake wa pekee, alipigiwa simu mimi nimelala chumba cha pili, ukuta mwembamba kati yetu, na alilia kwa namna ambayo sikumsikia. Mpaka leo sijui alilia vipi. Nyumbani walikuwa wameshapanga kila kitu. Mtoto aliye ugenini haambiwi msiba kwa simu, wala haambiwi na mtu mmoja wamekaa wawili. Ami yangu, mdogo wake baba, anayeishi mji wa kaskazini, angepanda basi aje. Watu wa kwetu wangekusanyika nyumbani. Ndipo niambiwe nikiwa nimezungukwa. Kabla ya hapo nishughulishwe, nisikae na simu.

Desturi hii naijua. Nilipokuwa msichana, jirani yetu alifiwa na mume aliyekuwa akifanya kazi Uarabuni. Wanawake wa mtaa walimkalisha mkekani, wakampaka hina mikono yote miwili ili asiweze kushika simu, wakampigia soga na kumchekesha mpaka kaka zake walipofika. Akaingia eda na mikono iliyopambwa kama ya bibi harusi. Kwa muda wote wa eda alikuwa akiificha chini ya kanga, na kila aliyekuja kumpa pole alikwepa kuitazama.

Mimi sikupakwa hina. Mimi nilipewa London.

Mlangoni tu shangazi alininyooshea mkono. "Simu nipe mimi. Vijana wa pikipiki wanapora huko mjini, utalia bure." Nilimpa. Akaizima, akaitia ndani kabisa ya mkoba, akafunga zipu.

Treni ilikuwa imejaa watu waliopunguza nguo. Nchi hii ikipata siku tatu za jua, watu wanakuwa kama wafungwa waliofunguliwa: mabega mekundu, mapaja meupe, vikapu vya chakula, mbwa wanaohema. Nje zilipita nyumba zilizoungana migongo, maghala, nguo zilizoanikwa kwenye vibaraza vya ghorofa. Nilikuwa nikisema bila kupumzika. Nilimweleza shangazi kuhusu shahamu, kuhusu baba, kuhusu bango lililoegemea kibarazani.

"Atafurahi sana," nilisema.

Shangazi alitazama dirishani. "Kakangu ana mambo," alisema. "Tangu utotoni ana mambo. Alichora ng'ombe kwenye ukuta wa chuo, maalimu akamchapa. Kesho yake akarudi akamwongeza pembe."

Nilicheka mpaka mzee aliyekaa mbele yetu akatabasamu. Shangazi naye alicheka, kisha akachukua kitambaa akajifuta uso mzima, akilalamikia joto.

Kwenye ngazi za jumba la picha alikuwa anatusubiri rafiki yake wa kazini, mama mmoja wa Bukavu anayeishi Kilburn. Nilimfahamu kidogo, ni mtu wa vicheko, mwenye sauti ya kuimbia kanisani. Siku hiyo alivaa miwani myeusi mikubwa, na alinikumbatia muda mrefu kuliko kawaida, akinipigapiga mgongo.

"Mutoto yangu. Uko na nguvu?"

"Niko, mama."

"Ukuwe na nguvu."

Nilidhani ndivyo wanavyoamkuana kwao.

Ndani kulikuwa baridi na kimya, na nuru ikishuka kutoka juu kama kwenye kisima. Nilitembea mbele, wao nyuma, na niliwasikia wakinong'ona. Chumba cha kwanza kilikuwa na wanawake wa marumaru na wa rangi, wote wametupa nguo.

"Huyu naye," alisema shangazi. "Kavuliwa nguo, na dirisha liko wazi."

"Dada, ni Ulaya. Hawasikiaka baridi."

"Baridi siyo shida. Aibu."

"Yule pale iko na kitambaa."

"Kitambaa chenyewe kakishika mkononi!"

Walicheka kwa kuzibana pua. Nakumbuka nilijivunia kuwaleta. Niliona moyoni kwamba nitaliandika hilo: wanawake wawili ambao kila siku wanawavua wazee wa nchi hii na kuwavisha, wakiwachekea miungu wao. Chumba kilichofuata kilikuwa na picha ya mama amempakata mwanawe aliyekufa, mtu mzima, miguu yake ikiburura. Shangazi alisimama hapo. Aliutazama mkono wa maiti, jinsi ulivyochorwa ukining'inia. Kisha akageuka, akapita vyumba viwili bila kutazama kitu chochote, na nilimkuta amekaa kwenye benchi akisoma ile ramani ya karatasi tuliyopewa mlangoni. Ameishika juu chini.

"Nyama iko wapi?" aliniuliza. "Hebu itafute hiyo nyama tutoke."

Tuliikuta kwenye chumba kidogo cha pembeni, mahali ambapo watu hupita wakielekea chooni. Ilikuwa picha ndogo, si kubwa kuliko sinia. Nusu ya ng'ombe imetundikwa kwenye mti, ndani ya banda lenye giza. Nyuma yake mwanamke ameinama anaosha kitu, huoni uso wake. Niliisogelea mpaka mlinzi akakohoa. Nikarudi nyuma. Nikasogea tena.

Nilikuwa naiona. Kweli nilikuwa naiona. Kwa mara ya kwanza tangu nifike mji huu, kitu kilifunguka mbele yangu, na kilikuwa kimetoka kwa baba.

"Shangazi, simu yangu. Nataka kumrekodia sasa hivi, kabla sijasahau."

Hakufungua mkoba. Yule mama wa Bukavu alivua miwani, akaivaa tena.

"Yako haina chaji," shangazi alisema. "Tumia yangu. Nitashika mimi, wewe sema."

Akatafuta jina la kaka yake kwenye simu yake, akabonyeza pa kurekodia, akaninyooshea. Nilisema karibu na mkono wake. Maneno yangu nayakumbuka vizuri, maana nimeyasikiliza mara nyingi baadaye.

"Baba, nimeipata. Shahamu si nyeupe, Baba. Ameanza na rangi kama ya chai ya maziwa iliyopoa. Pembeni ametia kijivu. Halafu ametia ule ule wekundu wa nyama, kidogo sana, kama mtu aliyesahau kuosha brashi. Nyeupe yenyewe iko mahali pamoja tu, haizidi ukucha, na ubavuni mwake kuna weusi. Basi. Ukisimama mbali inang'aa, unadhani imepakwa mafuta. Usilipake bado bango. Unisikilize kwanza."

Ujumbe ukaenda, alama moja ya kijivu, maana simu ya huko ilikuwa imezimwa.

"Atausikia akiwasha," nilisema.

"Haya," alisema shangazi. "Haya, mwanangu."

Tulitoka juani. Tulishuka mpaka mtoni, maji yake rangi ya chai ya rangi iliyokaa usiku kucha, boti za watalii zikipiga muziki. Tukavuka daraja, tukarudi, tukaingia bustani moja kubwa. Watu walikuwa wamelala kwenye majani kila upande, chali, kifudifudi, mikono imetupwa, nyuso zimefunikwa kwa magazeti na kofia. Kutoka mbali ungedhani kumetokea maafa na hakuna aliyekuja kuwaokota. Nilisema hivyo kwa sauti, nikiipenda sentensi yangu. Hakuna aliyecheka. Yule mama wa Bukavu alikwenda kununua aiskrimu, akaniletea mimi ile kubwa yenye kijiti cha chokoleti.

Shangazi alitaka kusali. Magoti yake yameharibika kwa kuinua wazee, kwa hiyo siku hizi husali ameketi. Alikaa kwenye benchi, akauliza kibla kiko wapi, akasali adhuhuri yake. Alipotoa salamu alibaki amekaa, akitazama saa. Alikaa hivyo muda. Halafu akainuka, akasimama kwenye majani, viatu kavua, akafunga tena. Safari hii alisali amesimama. Hakurukuu. Hakusujudu. Alisimama tu, mikono kifuani, midomo ikitembea, na kila baada ya muda akasema Allahu akbar kwa sauti ndogo, kisha akatoa salamu kulia na kushoto.

Mimi nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwake, nikilamba aiskrimu kabla haijanimwagikia mkononi. Nilimtazama mwanzo hadi mwisho. Nilisoma chuo cha Kurani mpaka nikahitimu. Hata mtoto mdogo wa kwetu anajua ni sala gani isiyo na rukuu wala sijida. Nikawaza: maskini, leo hata benchi linamuumiza magoti.

Mama wa Bukavu alikuwa ameinamisha kichwa kando yangu, akishika msalaba wake wa shingoni.

Baada ya hapo tulipanda basi kwenda kwake Kilburn. Ghorofani mbele, kama watoto. Barabara kuu ilipita chini yetu na maduka yake ya mahindi na vitambaa na simu za mkononi, mabaa yenye watu waliosimama nje na bia, kinyozi baada ya kinyozi. Niliwaonyesha bango moja la nyama kwenye bucha ya halali, nyama imechapwa kwa mashine. "Baba angelitapikia hilo," nilisema.

Chumba chake kilikuwa kidogo na safi. Alipika sombe, kisamvu cha kwao, na samaki na bugali, nikala kama mtu aliyelima. Shangazi hakutia kitu mdomoni. Waliingia jikoni wakafunga mlango, lakini ule mlango haukufunga vizuri.

"Umuambie, dada. Mutoto anacheka tu. Minashindwa kumuangalia."

"Ami yake hajafika."

"Kwetu hatufichaka. Tunaliaka siku ile ile, muntu anajua, anaanguka, tunamuokota."

"Na kwetu hafi mtu mtoto akaambiwa na jirani jikoni. Wacha hivyo."

Hapo nilijua kuna kitu. Siwezi kusema sikujua. Lakini nilidhani ni mzee wao mmoja wa kazini, maana huwa wanakufa, na mara nyingi watoto wao huchelewa kuambiwa. Nikaosha sahani.

Simu ya shangazi ililia. Alizungumza kwa kifupi, akaniambia turudi. Mama wa Bukavu alitaka kuja nasi, shangazi akakubali. Jua la Julai huku halishuki. Tulipofika Edmonton jioni ilikuwa bado nyeupe kama mchana, watoto wanacheza mpira barabarani, jirani anachoma soseji nyuma ya ua.

Mlango wetu ulikuwa wazi. Kwenye ngazi, na chini ya ngazi, na kwenye kijinjia chote mpaka getini, kulikuwa na viatu. Ndara, makubadhi, raba, viatu vya kike vya kisigino, viatu vya watoto, vimepangwa na visivyopangwa. Hakuna harusi iliyotangazwa.

Nikasimama getini. Nikamgeukia shangazi.

"Nani?"

Ami alitokea mlangoni na kofia yake mkononi, akaja akikanyaga viatu vya watu, naye ni mtu ambaye hakanyagi kiatu cha mtu. Nilijua kabla hajanishika.

"Amezikwa?" niliuliza.

"Amezikwa. Baada ya alasiri."

Alasiri ya Mombasa. Nikarudisha saa nyuma, nikaiona bustani, na majani, na shangazi amesimama bila viatu, akimsalia. Mkono wangu ulikuwa bado unanata.

Sitaieleza ile wiki. Watu walikuja, walisoma, walipika biriani kwenye masufuria ya kuazima, wakaondoka. Mama yangu alikuwa edani. Tuliongea kwa simu. Ilipobaki nyumba tupu, shangazi alikuja kukaa ukingoni mwa kitanda changu.

"Una hasira na mimi."

"Ningemlilia, shangazi. Wakati wanambeba. Wanawake wote wa nyumbani walikuwa wanalia, na mimi nilikuwa..."

"Najua ulikuwa wapi. Mimi ndiye niliyekupeleka." Alijisugua goti. "Nilitaka umalize ile shughuli yake. Nilijua nikikwambia hutaiona tena hiyo picha. Nikasema, aende angalau amwambie."

"Alikuwa ameshakufa."

"Wewe hukujua. Ulivyosema naye, ulisema na mtu aliye hai. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale na kaka aliyekufa."

Akalia. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akilia, na alilia kwa sauti kubwa, ya kwao, ya barazani, mpaka jirani akagonga ukuta. Sikumgusa. Siku hizi namgusa. Siku ile sikuweza.

Kila asubuhi nilimwomba simu yake nitazame ile alama. Moja, ya kijivu. Hitima ikapita, mwezi wa Agosti ukaisha, watu wakavaa tena makoti, na siku moja shangazi akaniita jikoni, miguu yake iko kwenye beseni. Alama zilikuwa mbili.

Nilimpigia kaka yangu, kule nyumbani. Ndiyo, alisema, ameiwasha simu ya baba, anataka namba za wateja. Ujumbe ameuona. Hajausikiliza wote, hana moyo huo. Aliposikia sauti yangu inaita "Baba," aliuzima.

"Na bango? La kibarazani?"

"Hilo lilishachukuliwa kitambo. Mwenye bucha hakuweza kungoja. Alimpa mtu akamalizia."

"Nipigie picha."

"Ya nini?"

"We nipigie tu."

Alinitumia jioni. Bango limetundikwa juu ya mlango, mahali pake. Wekundu ni wa baba, ningeujua popote. Ubavuni mwa paja, palepale alipoacha ubao mtupu, mtu amepaka rangi ya nyumba, ile ya debe, kwa brashi pana. Nyeupe pee. Sehemu moja imevuka mpaka na kuingia ndani ya nyama, na imemwagika kidogo kwenda chini, ikakauka hivyo.

Niliikuza ile picha kwenye kioo mpaka ikawa vidoa tu. Kisha nikampa shangazi simu yake, naye akavaa miwani yake ya kusomea, akaitazama muda mrefu.

"Chokaa," alisema.